Marehemu Badru Kakungulu, Mjenzi wa Shule za Waislamu wa Uganda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, katika kitabu hiki cha ukumbusho imeonekana vyema kuandikwa habari za mtu ambaye jina lake lajulikana na wengi katika nchi ya Uganda, lakini kazi yake yajulikana na wachache. Vijana wengi walilisikia jina lake kwanza katika viwanja vya mpira, kwa kuwa mashindano ya kombe la nchi nzima, yaliyoanza mwaka 1971, yalichezwa miaka mingi kwa jina la Kombe la Kakungulu. Wazee humkumbuka kwa kilima cha Kibuli katika mji wa Kampala. Wako pia wanaomchanganya na Semei Kakungulu, yule amiri wa vita aliyekwenda nchi za mashariki na kukaa Mbale, akafa mwaka 1928. Huyo ni mtu mwingine kabisa. Anayetajwa hapa ni Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991, baada ya kuishi miaka ipatayo 84.

NASABA YAKE

Badru Kakungulu alizaliwa katika nyumba ya wafalme wa Buganda. Babu yake alikuwa Kabaka Suuna wa Pili, naye ndiye Kabaka ambaye mwaka 1844 alipata kusikia habari za Uislamu kwa mara ya kwanza, alipofikiwa na mfanya biashara wa Kiarabu, Ahmad bin Ibrahim. Baba mkubwa wake alikuwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuamuru watu wa baraza lake wasome dini, kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu wapatao 70 pale Namugongo, kwa kuwa walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu na kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa.

Baba yake, Nuhu Mbogo, alikuwa nduguye Mutesa kwa baba. Vita vya dini vilipotokea Buganda tangu mwaka 1888, Waislamu walimtawalisha Kalema. Kalema alipokufa kwa ndui mwaka 1890, uongozi ukamwangukia Mbogo, wakati Waislamu wamekwisha kushindwa na kusukumwa mpakani. Mwaka 1892 alikubali kurudi kwa amani pamoja na watu wake.

Hapa Waislamu wa Omugo, Arua na Koboko wana fungu lao katika habari hii. Askari wa Kisudani waliokuwa na Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, ambao vituo vyao vilikuwa Wadelai na Dufile kando ya Nile, walichukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891 wakaletwa kusini. Mkubwa wao alikuwa Selim Bey. Mwaka 1893, ulipozuka ugomvi mwingine baina ya Waislamu na wakubwa wa Buganda, Selim Bey hakupendezwa kuona Waislamu wenziwe wakipigwa, akawaonya Waingereza. Kwa ajili hiyo akakamatwa, akapelekwa pwani akiwa mgonjwa, akafia njiani huko Naivasha. Katika mambo hayo hayo Mbogo naye akahamishwa akapelekwa Unguja, asirudi hata mwaka 1895. Basi wana wa askari wale, yaani Wanubi, ambao ni miongoni mwa watu walioutia Uislamu nguvu katika Arua na Koboko, na watu wa Kibuli, waliunganishwa tangu zamani na msiba mmoja.

Mbogo aliporudi alikaa kwa utulivu, akawataka watu wake waache silaha. Mkataba wa mwaka 1900 ulimpa yeye na wafuasi wake maili 24 za mraba za ardhi na malipo ya pauni 250 kwa mwaka. Lakini katika masaza 20 ya Buganda, Waislamu walipewa saza moja tu, Butambala. Masaza mengine yote yalikwenda kwa Waprotestanti na Wakatoliki. Huo ndio urithi alioukuta mtoto Badru: ukoo mkubwa, ardhi, heshima ya watu, na umma ulioshindwa vita.

KUSOMA KWAKE

Nuhu Mbogo alifariki mwaka 1921. Badru alikuwa na umri wa miaka kama 14, na macho ya Waislamu wa Buganda yakamgeukia yeye. Alipelekwa Budo, shule ya wamisheni wa Kiingereza iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wafalme na machifu. Huko alikaa pamoja na vijana ambao baadaye walishika serikali ya Buganda na vyeo vya nchi. Alitoka kama alivyoingia, akiitwa Badru, Mwislamu.

Kwa msomaji wa leo jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini wakati ule halikuwa dogo hata kidogo. Shule zote zenye maana zilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni ndizo zilizopokea msaada wa fedha za serikali. Mtoto wa Kiislamu aliyefika mlangoni mwa shule aliona mambo mawili mbele yake. Akitaka kitabu, mara nyingi ilimpasa kuingia katika mafundisho ya kanisa, na mwishowe kubatizwa na kupewa jina jingine. Akitaka kubaki na jina lake na dini yake, alirudi nyumbani. Mtoto wa mfalme aliweza kuingia na kutoka salama kwa ajili ya ukoo wake, lakini mtoto wa mchinjaji wa Butambala hakuwa na ngao hiyo.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi wa Kiislamu walichagua chuo cha Kurani peke yake. Hawakufanya hivyo kwa kuchukia elimu, bali kwa kuogopa kumpoteza mtoto. Mwisho wake ukawa kwamba Waislamu walijulikana kwa uchinjaji wa nyama, udereva na biashara ndogo ndogo. Hizo zote ni kazi za halali na wala hazina aibu, lakini katika maofisi, mahakama na mahospitali hawakuonekana ila wachache sana. Na mambo ya Nile Magharibi yalikuwa ni hayo hayo. Arua ilipokwisha kuwa makao ya serikali mwaka 1914, haukupita muda mrefu misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zikafika na kufungua shule, na mtoto wa Kinubi, wa Kiaringa, wa Kikakwa au wa Kilugbara aliyekuwa Mwislamu akasimama mbele ya mlango ule ule.

Badru Kakungulu alikuwa ameuona mlango huo kwa ndani. Kazi yake yote iliyofuata yaweza kuelezwa kwa neno moja: alitaka mtoto wa Kiislamu asilazimishwe tena kuchagua baina ya jina lake na kitabu.

KAZI YA KIBULI

Kakungulu hakuwa mwanachuoni wa fikihi, wala hakujidai kuwa hivyo. Mambo ya dini aliwaachia masheikh, naye akashika lile ambalo masheikh wengi hawakuwa na uwezo nalo, yaani ardhi, fedha, na mlango wa kuingilia kwa wenye serikali. Baganda wakamwita Babu wa Uislamu, jina ambalo limebaki katika nyumba ya Mbogo mpaka leo.

Jambo la kwanza lilikuwa ni kuwakusanya watu. Katika miaka ya 1930 na 1940 Waislamu wenye kujali elimu waliunda Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, ambayo hujulikana kwa herufi zake za Kiingereza UMEA, na Kakungulu akawa nguzo yake kubwa. Kazi ya jumuiya hii ilikuwa ni kufungua shule ambamo hesabu, Kiingereza na jiografia vitafundishwa pamoja na dini, kisha kuidai serikali iziangalie shule hizo kama ilivyoziangalia za misheni. Jambo hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Serikali haitoi msaada kwa shule isiyo na walimu wenye vyeti, na walimu wenye vyeti hawapatikani pasipo shule. Mduara huo haukuvunjika kwa siku moja.

Jambo la pili lilikuwa ni ardhi. Kakungulu alitoa ardhi yake pale Kibuli, nayo ndiyo iliyobeba msikiti, shule na chuo cha ualimu, na baadaye hospitali. Yafaa kuzingatia tendo hili. Ardhi ya Kampala ilikuwa ikipanda thamani mwaka baada ya mwaka, na mtu mwenye kilima karibu na mji angeweza kuishi kwa raha kwa kukodisha viwanja tu. Yeye aliitoa kwa ajili ya Waislamu.

Msikiti wa Kibuli ulijengwa katika miaka ya 1940, ukafunguliwa mwaka 1951, ukawa mkubwa na wa fahari, waonekana toka vilima vingine vya Kampala. Hata mwaka ule makanisa makubwa yalikuwa yamekwisha kusimama zamani juu ya vilima vya Namirembe na Rubaga. Mwislamu aliyekuja mjini kutoka mbali, naye amezoea kusali katika kibanda cha udongo, alipouona msikiti ule alijua ya kuwa dini yake nayo ina kilima.

Katika kazi hizi Waislamu wa Uganda walisaidiwa na Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 chini ya uongozi wa Aga Khan, Sultan Muhammad Shah. Utaratibu wake ulikuwa kwamba Waislamu wa mahali wakichanga kiasi fulani kwa ajili ya msikiti au shule, nao waliongezewa kiasi kama hicho. Utaratibu huu ulikuwa na hekima, kwa kuwa uliwalazimisha watu kuanza wao wenyewe. Kijiji kilichokaa kikingoja hakikupata kitu, na kijiji kilichochanga kilijengewa. Kakungulu alifanya kazi na watu wa madhehebu mbalimbali, Wahindi na Waafrika, bila kuwaacha Waislamu wa Uganda wasahau ya kuwa mzigo ni wao.

Jambo la tatu lilikuwa ni walimu. Shule bila ya mwalimu ni nyumba tu. Kwa hiyo chuo cha ualimu kikawekwa Kibuli ili wapatikane walimu Waislamu wenye vyeti, watakaotawanyika katika wilaya. Mwalimu mmoja aliyetoka huko akaenda kijijini aliwatoa hofu wazazi wengi kuliko hotuba kumi, kwa maana walimwona asubuhi akiandika ubaoni, na adhuhuri wakamwona katika safu ya sala.

Jambo la nne lilikuwa ni wasichana. Mwaka 1954 ilifunguliwa shule ya wasichana ya Nabisunsa, karibu na Kampala. Wakati ule wazazi wengi waliona msichana kumaliza kusoma Kurani na kujua kupika kunatosha. Kumpeleka bwenini mbali na mama yake kulionekana kuwa ni jambo la kutisha. Nabisunsa iliwapa jibu: shule ya wasichana yenye jina la Kiislamu, sala zake na heshima zake. Imekuja kuwa mojawapo ya shule zenye sifa kubwa katika Uganda, na wasichana wa dini nyingine pia wameomba nafasi ndani yake. Zamani Waislamu walibisha milango ya wengine, na sasa wengine wakabisha mlango wa Waislamu.

FITINA NA MITIHANI

Haifai kusimulia maisha ya mtu kana kwamba hakupata pigo wala hakukosa. Waislamu wa Buganda waligawanyika tangu miaka ya 1920, baada ya kufa Mbogo, kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Wako waliosema kuwa baada ya Juma ni lazima kusali na Adhuhuri, na wako waliosema kuwa Juma yatosha. Neno la fikihi likageuka kuwa neno la uongozi, misikiti ikatengana, na watu wa ukoo mmoja wakawa hawazikani. Kakungulu mwenyewe alikuwa kiongozi wa upande mmoja, na mgawanyiko huo ulidumu miaka mingi ya uhai wake. Nguvu na mali nyingi zilipotea katika ugomvi huo, ambazo zingeweza kujenga shule.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1962 ulikuja mtihani mwingine. Sheria ya elimu ya mwaka 1963 iliziweka shule za dini zote chini ya uangalizi wa serikali. Kwa Waislamu sheria hii ilikuwa na pande mbili. Ilipunguza amri ya jumuiya juu ya shule ilizozijenga kwa jasho, lakini pia iliulegeza ule mlango wa zamani, kwa kuwa mtoto hakuweza tena kukataliwa kwa urahisi kwa ajili ya dini yake.

Mwaka 1965 iliundwa jumuiya nyingine ya Waislamu, NAAM, iliyokuwa karibu na serikali ya Milton Obote, na Waislamu wakagawanyika tena, wengine Kibuli na wengine huko. Palitokea mapambano misikitini. Mwaka 1966 Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Kakungulu akawa mtu wa kushukiwa kwa sababu mbili, kwanza kwa ukoo wake na pili kwa uongozi wake. Mwishowe akatiwa kizuizini. Alikuwa na umri uliozidi miaka 60, na kazi ambayo wengi wangeitegemea impe amani ya uzeeni ndiyo iliyompeleka kifungoni. Alipata kutoka mwezi wa Januari 1971, wakati serikali mpya ya Idi Amin ilipowafungua wafungwa wa siasa.

Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, ili Waislamu wote wawe chini ya chombo kimoja. Kisha mwaka 1979 serikali ya Amin ikaanguka, na Waislamu wengi wasio na kosa wakalipizwa kisasi cha mambo wasiyoyatenda. Watu wa Nile Magharibi hawahitaji kusimuliwa habari hizo, kwa kuwa vijiji vyao vilibaki mahame katika miaka ya 1979 na 1980, na jamaa zao wakavuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, wengine wakiwa na mkeka tu na msahafu.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1988 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu katika mji wa Mbale, chuo kilichoamuliwa katika mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Kakungulu alikuwa mzee wa miaka 81. Alikuwa amezaliwa katika zama ambazo mtoto wa Kiislamu alikosa hata shule ya chini, akaishi mpaka kuona chuo kikuu. Kazi ya chuo hicho ilikuwa ya watu wengi na nchi nyingi, lakini kisingepata wanafunzi kama zisingekuwapo kwanza shule za chini na za kati, na katika shule hizo mkono wake ulikuwapo.

Alifariki mwaka 1991. Alikufa akiwa mwana wa ufalme uliokuwa umefutwa na sheria, kwa kuwa ufalme wa Buganda haukurudishwa ila mwaka 1993. Cheo chake cha kidunia kilikuwa hakina nguvu. Shule zake zilikuwa zimejaa.

MAZINGATIO

Mwenye kuyatazama maisha haya ataona ya kuwa mambo mengi aliyoyashika Badru Kakungulu yalimponyoka mkononi. Ufalme wa jamaa zake ulifutwa. Umoja wa Waislamu alioutaka haukutimia mbele ya macho yake, naye mwenyewe alikuwa ndani ya mgawanyiko. Serikali zilizomheshimu zilikwenda, na zilizomfunga pia zilikwenda. Lakini kila alichokitoa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine kilibaki. Shule haikuuliza ni nani aliyeshinda mwaka 1966, wala ni nani aliyeanguka mwaka 1979. Asubuhi kengele ililia na watoto wakaingia.

Waislamu wa Omugo si watu wa vilima vya Kampala, wala hawana mwana wa mfalme. Wana mashamba ya muhogo na ufuta, wana misikiti yao, na tangu mwaka 2017 wamewapokea wakimbizi waliotoka Sudani Kusini, ambao nao wana watoto wanaohitaji kusoma. Lakini yale mambo manne hayakuhitaji ufalme. Kukusanyika kwahitaji nia. Ardhi yaweza kuwa robo ya ekari kando ya msikiti, ikiandikwa vizuri mbele ya mashahidi na wenye sheria, ili warithi wasije kuigombania. Mwalimu aweza kuwa kijana mmoja aliyelipiwa karo na jamaa kumi. Na msichana ni yule aliye nyumbani hivi sasa, anayengoja mtu amwambie babaye ya kuwa shule ipo.

Leo mlango wa shule haumtaki mtoto abadili jina lake. Vikwazo vilivyobaki ni karo, umbali, ndoa za mapema na uvivu wa wazazi, na hivyo vyote viko mikononi mwa Waislamu wenyewe. Waliotangulia waliondoa kizuizi kilichokuwa kizito zaidi. Ikiwa watoto wa leo watabaki nje, haitafaa kumlaumu mmisheni wala mkoloni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Badru Kakungulu na baba yake Nuhu Mbogo, amsamehe makosa yake, na amjaalie thawabu ya kila herufi iliyosomwa katika nyumba alizozijenga. Na awarehemu Waislamu wote wa nchi hii waliotoa ardhi, mbao, tofali au shilingi moja, ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Amin.